Je, Kusahihisha Uongo wa Kisiasa ni Kazi Bure?

Wanafunzi wangu huleta darasani dai moja kana kwamba ni kanuni ya fizikia: ukimsahihisha mtu aliyeamini uongo wa kisiasa, atauamini zaidi. Dai hilo lina historia, na historia hiyo inafaa kujulikana, kwa kuwa hutumiwa pia kuhalalisha ukimya wa ofisi zinazopaswa kutoa takwimu.

Chanzo chake ni vita vya Iraq. Marekani iliivamia nchi hiyo Machi 2003 kwa hoja ya silaha za maangamizi. Oktoba 2004 wakaguzi wake yenyewe, wakiongozwa na Charles Duelfer, waliripoti kwamba shehena za silaha hizo hazikuwapo. Brendan Nyhan na Jason Reifler wakawapa wanafunzi wa chuo kikuu habari iliyoandikwa kwa mtindo wa gazeti, baadhi yao wakiongezewa matokeo ya ripoti hiyo. Wahafidhina waliosoma masahihisho wakazidi kuamini kwamba silaha zilikuwapo! Makala ilichapishwa mwaka 2010. Humo humo waandishi walieleza kwamba katika jaribio la pili wahafidhina kwa ujumla hawakurudia mwenendo huo, lakini sehemu hiyo haikupata wasomaji wengi.

Thomas Wood na Ethan Porter walipima jambo hilo upya kwa washiriki zaidi ya 10,000 na mada 52. Athari ile ya kinyume karibu haikuonekana. Mwaka 2021 Porter na Wood walichapisha majaribio ya Argentina, Nigeria, Afrika Kusini na Uingereza, wakitumia kazi za Chequeado, Africa Check na Full Fact. Imani potofu zilipungua, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilidumu zaidi ya wiki mbili. Kwa ofisi ya takwimu, ambayo haiombi kura ya mtu, ushahidi huo unatosha.

Mwanaharakati ana kazi ngumu zaidi. Julai 2016, akikubali uteuzi wa chama chake, Donald Trump alidai uhalifu unaongezeka. Watafiti hao wanne waliwaonyesha wafuasi wake takwimu za FBI za kupungua kwa uhalifu kwa miaka mingi. Wafuasi walizikubali, lakini mapenzi yao kwa mgombea hayakutikisika. Sioni ajabu. Mtu humchagua kiongozi kwa sababu ya kodi, ajira, dini, hofu na mazoea ya chama, na takwimu moja ya polisi hugusa sababu moja tu kati ya hizo.