Historia Fupi ya Mtihani wa Piano, kwa Kalamu ya Baba wa Mtahiniwa

Mwezi Machi mwaka juzi nilisimama sebuleni kwangu hapa Dar es Salaam nimeshika simu kwa mikono miwili, sithubutu hata kumeza mate. Mbele yangu binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alikuwa ameketi kwenye piano ya umeme ambayo mama yake na mimi tuliinunua kwa mkopo wa SACCOS. Mtihani wa daraja la tano ulitaka vipande vinne vipigwe mfululizo na kurekodiwa kwa video moja, isiyokatwa wala kuunganishwa. Rekodi ya kwanza iliharibiwa na jogoo wa jirani. Ya pili ilikatishwa na umeme. Ya tatu niliiharibu mimi: mkono ulichoka kipande cha mwisho kilipokaribia kwisha, nikajaribu kubadili mshiko, na picha yote ikaenda darini. Binti alinitazama, akafunga kitabu, akaenda kunywa maji. Ya nne ndiyo tuliyoituma London.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikilalamikia bajeti na katiba. Leo naomba wanivumilie niandike juu ya piano. Siasa imo humo pia, wala si kidogo.

Tuanzie Uingereza ya karne ya 19, maana huko ndiko mtihani huu ulikozaliwa. Viwanda vilikuwa vimeshusha bei ya piano hata karani na mwenye duka dogo wakaweza kuinunua kwa malipo ya kidogo kidogo, na piano ndani ya nyumba ikawa ushahidi kwamba familia imetoka kwenye jasho na kuingia kwenye heshima. Binti aliyejua kuipiga alikuwa sehemu ya ushahidi huo. Penye wanunuzi hawakosi wauzaji. Walimu wa muziki wakajaa mitaani, na hapakuwa na sheria ya kumzuia asiyejua kitu kubandika kibao mlangoni pake. Vyuo navyo vikaanza kutoa vyeti. Trinity College ya London, iliyoanzishwa mwaka 1872, ilianza kutahini nadharia ya muziki mwaka 1877. Nyuma yake wakaja wengine ambao baadhi yao hawakuwa na cha kujivunia isipokuwa jina refu na muhuri mkubwa.

Mwaka 1889 wakuu wa vyuo viwili vyenye hadhi, Alexander Mackenzie wa Royal Academy of Music na George Grove wa Royal College of Music, walikubaliana kuunda bodi moja ya mitihani. Grove alikuwa mtu wa kustaajabisha: alianza maisha akiwa mhandisi, akasimamia ujenzi wa mnara wa taa huko Jamaika, kisha akahariri kamusi kubwa ya muziki ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mitihani ya kwanza ya bodi hiyo ilifanyika mwaka 1890. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, yaani kuweka kipimo kimoja cha kuaminika ili wenye vibao vya uongo waumbuke. Nia ya pili haikuwa siri pia: ada za watahiniwa zilileta fedha, na ziada ikagawanywa kwa vyuo viwili vilivyoiunda bodi.

Nayataja haya bila kejeli. Chuo kinahitaji fedha. Mimi ninayeandika haya nalipwa na chuo. Ninachotaka kionekane ni kwamba katika mazungumzo yale walikuwapo watu wazima peke yao. Vyuo vilitafuta mamlaka. Mwalimu alitafuta kuthibitisha kwamba si tapeli. Mzazi alitafuta kujua kama ada yake inaliwa bure. Mtoto, na wengi wao walikuwa wasichana, ndiye aliyeketishwa kwenye kiti ili maswali ya wakubwa hao yapate majibu.

Mwaka 1933 mitihani hiyo ilipangwa katika madaraja manane tunayoyajua leo. Umbo lake la kawaida ni vipande vitatu, skeli, kusoma nota usizowahi kuziona, na majaribio ya sikio. Jumla alama 150, kufaulu ni 100, sifa ni 120, sifa ya juu ni 130. Kuanzia mwaka 2020 ikaongezwa njia ya video, ambayo ndiyo iliyonifanya mimi kuwa mpiga picha. Namba hizi nimezihifadhi kama ninavyohifadhi namba za simu za wanangu, na jambo hilo peke yake lingetosha kunishtua mapema zaidi kuliko lilivyonishtua.

Himaya ikasafirisha mtihani kama ilivyosafirisha chai na kriketi. Kabla karne ya 19 haijaisha watahini kutoka London walikuwa wakipanda meli kwenda kusikiliza watoto wa walowezi katika makoloni. Hapa kwetu Afrika Mashariki kitovu kikawa Nairobi, ambako taasisi ya kufundisha muziki wa Kizungu, Conservatoire, ilianzishwa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Mtoto wa Kiafrika hakuwa mlengwa. Piano ilikaa nyumba zenye sebule, na sebule zilikuwa upande mmoja wa mji.

Lakini ukiishia hapo utakuwa umesimulia nusu ya hadithi, na nusu hiyo ndiyo inayotupendeza sisi wasomi, maana ina mkoloni na ina mnyonge. Uingereza ileile ilikuwa na mtihani mwingine wa muziki, mkongwe kuliko ule wa Grove, nao ulifika kwetu kwa mlango mwingine kabisa.

Mchungaji John Curwen, aliyezaliwa mwaka 1816, hakuwa mwanamuziki. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule za Jumapili ulimpa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule hizo. Aliikuta kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ambaye alikuwa amewafundisha watoto wake kwa herufi za do, re, mi badala ya mistari mitano na vichwa vyeusi. Curwen akaichukua, akaipanua, akaitangaza kwa jina la tonik solfa. Ilihitaji karatasi tu, tena ya bei ya chini, kwa kuwa herufi za kawaida za mpiga chapa zilitosha. Piano haikuhitajika. Wafanyakazi wa viwandani na watoto wao wakaimba kazi kubwa za kwaya kwa herufi hizo. Curwen naye alitoa vyeti, kwa ngazi, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba napinga vyeti. Ila cheti chake kilikuwa tiketi ya kuingia kwaya yenye watu wengi. Cheti cha piano kilikuwa cha kutundikwa ukutani, chenye jina la mtu mmoja.

Wamisionari walipokuja Afrika walibeba solfa, maana ilikuwa nyepesi kuliko piano hata kwa mizani. Ndiyo iliyokaa mikononi mwa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, ambaye mwaka 1897 alitunga kwa nota hizo wimbo ambao nchi yetu iliuchukua mwaka 1961. Kila mtoto wa Kitanzania anayesimama mstarini asubuhi kuimba Mungu Ibariki Afrika anaimba sauti iliyoandikwa kwa herufi za watoto maskini wa Norwich. Jirani zetu wa Kenya nao, walipotafuta wimbo wa taifa mwaka 1963, waliunda jopo la wanamuziki watano, akiwamo Mwingereza Graham Hyslop na Washington Omondi aliyekuwa kijana, nao wakauchota katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Sauti aliyoisikia mtoto mgongoni mwa mama yake ikawa ya kupandishia bendera.

Mwaka uleule wa 1890, mitihani ya Grove ilipoanza, chuo chake kilimpokea mvulana wa miaka 15 kutoka Croydon. Aliitwa Samuel Coleridge-Taylor. Baba yake alikuwa daktari wa Sierra Leone ambaye hakukaa kumlea. Alilelewa na mama yake Mwingereza katika nyumba ya babu, na babu ndiye aliyempa fidla ya kwanza na masomo ya mwanzo. Kisha Herbert Walters, mwanajeshi aliyesimamia kwaya ya kanisa, akamsikia akiimba, akamchukua kwaya yake, na hatimaye akamfungulia mlango wa chuo. Miaka minane baadaye alikuwa na kazi iliyoimbwa kila mahali Uingereza, ambayo aliiuza kwa gini 15 tu na hakupata zaidi, na kisa hicho kilichangia kuundwa kwa chama cha haki za watunzi mwaka 1914. Nimeisoma habari yake mara nyingi kwa sababu ya babu na yule mwenye kwaya. Mmoja alitoa ala. Mwingine alitoa mahali pa kuimba na wenzake.

Hapa najua nitapingwa, na nipingwe kwa haki. Kenya ilipoufanya muziki usitahiniwe tena katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vipindi vya muziki vikabaki kwenye ratiba ya ukutani huku darasani kukifundishwa hesabu. Sisi Tanzania mtihani wa darasa la saba haupimi muziki, na kila mwalimu mkuu anajua maana yake. Katika nchi zetu somo lisilo na mtihani ni yatima. Mwalimu wa piano wa binti yangu, ambaye ni mtu mwenye subira kuliko mimi, aliniambia waziwazi: bila tarehe ya mtihani nusu ya wanafunzi wake wasingefungua kitabu, na nusu ya wazazi wasingelipa. Sina jibu la hoja hiyo. Hata Zanzibar, ambako fundi wa ganuni au udi alimfundisha mwanafunzi kwa kumkalisha pembeni mpaka sikio likomae, chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha kinatoa vyeti. Kinatoa kwa sababu kijana anayetafuta kazi hotelini au shuleni huulizwa karatasi, haulizwi sikio.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mtihani ndio ulionikosesha. Nilikosea mwenyewe.

Binti yangu alianza muziki kwa bibi yake, yaani mama yangu, katika kwaya ya usharika. Alikuwa na miaka saba. Alikaa kwenye benchi la wanawake wa sauti ya kwanza, miguu haifiki chini, akiwa na karatasi ya solfa iliyonakiliwa mara nyingi hata herufi zikaanza kufutika. Mwalimu wao ni mzee aliyestaafu kazi ya bandari. Hana cheti chochote cha muziki. Ukimpa ukurasa wa solfa asiowahi kuuona atakuimbia sauti zote nne, moja baada ya nyingine, na kukuonyesha palipokosewa na mnakili. Hilo ndilo wanaloliita London kusoma nota papo hapo. Wao wanaliwekea alama 21.

Miezi sita kabla ya mtihani wa daraja la tano nilimtoa kwaya. Mazoezi yao ni Jumamosi alasiri, nami niliona alasiri ile inatosha kupitia vipande vyote vinne mara mbili. Mama yangu aliniambia, "Mwanangu, huyu mtoto hafanyi kazi ya mshahara." Nikamjibu kwa heshima, nikafanya nilivyotaka. Nilinunua saa ya mezani. Nilikaa naye kila Jumamosi nikihesabu dakika, mimi nisiyejua kutofautisha nota moja na nyingine, nikidhani kwamba kukaa karibu naye ndiko kumsaidia.

Matokeo yalikuja kwa barua pepe. Alipata alama 112, amefaulu. Nilizitazama, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Zimebaki nane tu." Nane za kufikia sifa. Hakulia wala hakujibu. Alifunika piano kwa kitambaa chake, na kwa muda wa miezi mingi hakuna aliyekifunua isipokuwa dada wa kazi alipofuta vumbi.

Kumrudisha kwaya hakukuwa rahisi kama kumtoa. Nyimbo zilikuwa zimebadilika, mabinti wa rika lake walikuwa na utani wao mpya, na alikuwa na haya ya msichana wa umri ule. Mara mbili alifika hadi mlangoni akageuka. Mwaka huu Januari bibi yake alimshika mkono wakaingia pamoja. Nafasi yake ya zamani ilikuwa imechukuliwa na mtoto mwingine, kwa hiyo mzee wa bandari alimweka sauti ya pili, benchi la nyuma, karibu na mlango.

Kitabu cha nadharia ambacho bodi inakitaka kabla ya daraja la sita kipo juu ya piano. Sijamwambia akifungue, na sijakiondoa. Wiki mbili zilizopita nilisikia kitambaa kikivutwa, kisha kidole kimoja kikitafuta sauti ya alto ya wimbo wa Jumapili, polepole, na kukosea, na kurudia. Nilikuwa jikoni. Nilibaki jikoni.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mazoezini nikakaa ndani ya gari, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya joto. Walirudia mstari mmoja wa sauti ya pili labda mara kumi, mzee akiwasimamisha kila mara kwa kugonga meza. Nilisikiliza kwa makini nimpate mwanangu katikati yao. Sikuweza kuitambua sauti yake.