Amri na Maelezo: Asili ya Istilahi Mbili za Usanidi wa Seva

Mfasiri akutanapo na istilahi ngeni hushawishika kuitafuta katika kamusi kabla hajaitafuta katika historia. Makala haya yanakusudia kuonyesha hatari ya mazoea hayo kwa mfano mmoja, nao ni namna mbili za kusanidi seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, na jina linalofaa kupewa ile namna iliyo mpya zaidi.

Seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtu mmoja. Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 kompyuta yake aina ya NeXT ilikuwa imekwisha kuanza kutoa kurasa. Ilibandikwa karatasi yenye onyo kwamba isizimwe. Tangu hapo watu wengi wamejiwekea seva zao wenyewe, na kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa zaidi kwa amri. Mwenye seva huandika amri ya kuweka programu, kisha ya kubadili faili, kisha ya kuwasha huduma. Amri hizo zikiisha kutekelezwa, aghalabu hazihifadhiwi. Hubaki matokeo tu. Diski ikiharibika baada ya miaka mitatu, mwenyewe hawezi tena kueleza seva yake iliundwaje.

Tatizo hilo lilianza kushughulikiwa mapema. Mwaka 1993, mjini Oslo, Mark Burgess alitunga CFEngine, programu iliyoelezwa hali inayotakiwa nayo ikairudisha kompyuta katika hali hiyo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alianzisha Nix, akaitolea tasnifu ya udaktari mwaka 2006. Katika Nix kila programu hukaa mahali pake, na jina la mahali hapo huanza na herufi na tarakimu 32 zinazokokotolewa kutokana na vitu vyote vilivyotumika kuiunda. Kwa hiyo matoleo mawili ya programu moja huweza kukaa pamoja bila kugongana. Mwaka huo huo wa 2006 Armijn Hemel, katika chuo hicho hicho, alionyesha kwamba mfumo mzima wa Linux waweza kujengwa juu ya msingi huo. Mfumo huo ndio NixOS.

Mwenye seva ya NixOS huandika faili lisemalo kwamba huduma ya Nginx ipo, tovuti yake ina jina fulani, na lango namba 443 li wazi. Hatua za kuifikia hali hiyo huzitafuta mfumo wenyewe. Maandishi hayo hugawanywa katika moduli, moja ya tovuti, nyingine ya barua, nyingine ya nakala za akiba, na mfumo huziunganisha zote kuwa kitu kimoja. Badiliko likileta hitilafu, mwenyewe hurejea katika hali iliyotangulia, maana hali za awali huhifadhiwa mpaka zifutwe. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba picha, barua na data nyinginezo hazimo katika maandishi hayo. Hizo zahitaji nakala zake.

Sasa tuje kwenye istilahi. Jina la kigeni la namna hii limetokana na kitenzi ambacho kamusi hukifasiri kuwa “kutangaza”. Atakayeandika “usanidi wa kutangaza” atamfanya msomaji adhani kwamba seva inatangaza jambo. Sarufi yetu inatupa njia bora, kwa kuwa imekwisha kutenga sentensi ya amri na sentensi ya taarifa. Anayeambiwa mara mbili “ongeza kiti” ataongeza viti viwili. Anayeambiwa mara mbili “chumba kina viti sita” atahakikisha kwamba viti ni sita, wala hataongeza cha saba. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Hata hivyo neno “taarifa” limekwisha kubebeshwa mzigo mkubwa katika fani ya kompyuta. Tunapendekeza, basi, “usanidi wa amri” na “usanidi wa maelezo”. Mfasiri ajihadhari asiandike “maelekezo”: silabi moja ikiongezeka, maana huhamia upande wa pili, maana maelekezo huonyesha hatua, na hatua ni jamaa ya amri. Mtumishi wa ofisi atakayesoma mwongozo wenye kosa hilo atatunza orodha ya hatua akiamini kwamba ametunza maelezo ya seva yake, na atagundua kosa siku mashine itakapokufa.

Wasomaji wenye pendekezo jingine wanaombwa walipime kwa kigezo hicho hicho: je, litamwezesha mtumishi yule kujua ni kitu gani anachopaswa kukitunza?