Mzio, Mwiko wa Ngozi

Huku Manga, kwenye ukingo wa mlima unaoutazama mji wa Kisii, mtu akitokwa na vipele vya mwasho kwenye ndewe za masikio, au chini ya kitovu palipogusa bizimu ya mshipi, huambiwa ana choa au ana damu chafu. La kwanza humpeleka dukani kununua dawa ya kuvu, la pili humtia aibu. Vipele vikikaa pale pale metali ilipokaa, mara nyingi mkosaji ni nikeli, iliyomo katika vipuli vya bei nafuu, zipu na vifungo vya suruali.

Jina la hali hiyo ni mzio. Siku hizi twalitumia kwa maana ya aleji, lakini neno lenyewe ni la zamani. Mzio wa kale ni kitu alichokatazwa mtu na mganga au na ukoo wake, kikamdhuru akikikaribia, hata kama jirani anakila kila siku. Waganda wana omuziro, Wagikuyu mũgiro, Abagusii omogiro, wingi emegiro; nasadiki yote ni ya ukoo mmoja. Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna, alipounda neno aleji mwaka 1906, aliunganisha maneno ya Kigiriki yanayosema tu kwamba mwili umetenda tofauti. Letu lataja katazo, tena katazo la huyu, si la yule.

Na ndivyo mwili ufanyavyo. Jasho huyeyusha nikeli ikapenya ngozini. Peke yake ni ndogo mno kutambulika, hivyo hushikamana na protini za mwili, na protini hizo zikaonekana ngeni. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa nikeli huamsha pia kipokezi kiitwacho TLR4, ambacho kazi yake ya kawaida ni kutambua bakteria: mwili hudhani umevamiwa. Seli za ulinzi hubeba habari hadi kwenye tezi za limfu, na huko seli T hufunzwa kumkumbuka mgeni. Mafunzo huchukua kama wiki mbili, kimyakimya. Baada ya hapo, nikeli ikirudi, ngozi huwasha na kuvimba baada ya siku moja hadi tatu.

Kwa sababu ya kuchelewa huko, napinga kuueleza mzio huu kwa neno kingamwili. Kingamwili ni protini za damuni, zinazohusika mwenye mzio wa nyuki anapovimba dakika chache baada ya kuumwa. Kwa nikeli watendaji ni seli zenyewe, nazo hukusanyika polepole. Tuseme kinga ya seli. Na ugonjwa wenyewe tuuite mzio wa mgusano, si wa mguso: mguso hupita, mgusano hukaa, na nikeli hutaka kukaa na jasho.

“Aleji ya vyuma” nayo ni jina pana mno. Mke wa Kigusii aliyeolewa kwa sherehe ya enyangi alivaa ebitinge, pete za chuma miguuni, akaishi nazo ndoa yake yote. Chuma hakiichokozi ngozi kama nikeli. Mwiko ni wa metali moja, na yafaa itajwe.

Kuuthibitisha mzio huu kuna kipimo cha kiraka, alichokitambulisha daktari wa ngozi Josef Jadassohn mwaka 1895: nikeli kidogo hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi huangaliwa siku hiyo na siku zinazofuata. Kumbukumbu ya seli T hudumu miaka mingi, kwa kawaida maisha yote, na dawa ya kuifuta haijapatikana; malhamu hutuliza tu. Basi, ndugu msomaji, vua kipuli kinachokuwasha, muulize daktari wa ngozi kuhusu kiraka, na ukimsikia mtu akiambiwa ana damu chafu, mkanushie aliyesema.