Jina la Maradhi Mbele ya Tabibu na Hakimu: Wazimu, Kichaa na Ugonjwa wa Akili katika Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu yeyote maishani mwao. Hata hivyo, mgonjwa mmoja anapoua au kujeruhi, hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya hatima yake kuamuliwa: jamaa, majirani, askari, mkalimani, tabibu na hakimu. Kila mmoja wao humpa jina. Jirani husema kwamba wazimu ulimpanda. Tabibu huandika jina la ugonjwa. Hakimu huuliza kama mshtakiwa alijua alilolitenda. Majina haya hayana maana moja, na kutokana na tofauti zake mtu anaweza kupelekwa gerezani, hospitalini au nyumbani. Mhadhara huu unachunguza historia ya majina hayo katika Kenya na Tanzania Bara, kwa lengo la kuonyesha kuwa suala la istilahi hapa ni suala la haki.

Majina ya kale

Shina -zimu linaonekana katika maneno mzimu na kuzimu, nayo yote yanahusu roho za wafu na makao yao. Wazimu, kwa asili yake, ni nguvu inayomjia mtu kutoka nje. Sarufi yenyewe inashuhudia hivyo: wazimu humpanda mtu, humwingia, na pia humtoka. Majununi, neno lililotoka katika Kiarabu, limejengwa juu ya dhana iyo hiyo, kwani majununi ni aliyeingiwa na jini. Akili, nayo pia yenye asili ya Kiarabu, ni mali ya mtu binafsi. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mali hiyo huweza kupungua, kuruka au kupotea.

Katika usemi huu wa kale mna jambo la kuzingatiwa. Kinachopanda huweza kushuka. Mganga aliyepunga pepo hakumwona mgonjwa wake kuwa mtu wa aina nyingine. Alimwona kuwa mtu yule yule aliyefikwa na jambo. Kinyume chake, nomino kama mwendawazimu na kichaa humgandisha mtu katika hali moja. Kwa jina hilo, aliyepona bado huitwa kwa maradhi yake.

Ukuta na sheria

Wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, mahali palipokuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Nairobi, serikali ya Kiingereza ilifungua makao ya wendawazimu mwaka 1910, ambayo mwaka 1924 yalipewa jina la Hospitali ya Mathari. Dodoma, Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na Isanga, iliyo sehemu yake, ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa walioletwa na mahakama. Katika makao ya aina hii tiba na ulinzi vilichanganyika tangu awali.

Aidha, tiba yenyewe haikuwa huru na siasa. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata alichapisha maandishi yaliyoeleza vita vya Mau Mau kuwa ni matokeo ya misukosuko ya nafsi. Wasomi waliofuata wameyapinga madai hayo, lakini somo lake linabaki: anayeshika mamlaka ya kutaja ugonjwa anaweza kuligeuza dai la ardhi na uhuru kuwa dalili ya maradhi.

Kwa upande wa sheria, chimbuko ni Uingereza. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Umma ulikasirika, na majaji wakatakiwa kutoa kanuni. Kanuni yao ilidai kwamba mshtakiwa athibitishe kuwa wakati wa kutenda, kutokana na ugonjwa wa akili, hakujua alichokitenda au hakujua kuwa ni kosa. Mawazo hayo yaliingia katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanganyika za mwaka 1930, na yangali humo.

Neno katika kizimba

Katika mahakama za kikoloni shahidi alisema Kiswahili au lugha ya kwao, mkalimani akafasiri, na jaji akaandika Kiingereza. Shahidi aliyesema "wazimu ulimpanda" alitoa habari ya wakati: kilichompata mtu siku ile. Neno hilo lilipofasiriwa kwa nomino ya Kiingereza yenye maana ya mwendawazimu, habari ya wakati iligeuka kuwa hukumu juu ya nafsi ya mtu. Ilhali sheria yenyewe huuliza maswali mawili ya wakati: je, mshtakiwa alikuwa katika hali gani alipotenda, na je, leo anaweza kuelewa mashtaka na kujitetea? Usemi wa kale wa Kiswahili ulikuwa karibu zaidi na maswali hayo kuliko nomino iliyoufuta.

Hata matamko ya mwisho yanatofautiana. Sheria ya Kenya ilifuata mfano wa Kiingereza wa mwaka 1883, ambao kwao mshtakiwa hutamkwa kuwa ana hatia ya kitendo lakini alikuwa na wazimu. Sheria ya Tanzania ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inatamka kuwa alitenda, lakini kwa sababu ya wazimu hana hatia. Kwa aliye ndani ya ukuta, tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, kwa kuwa matamko yote mawili humweka chini ya ulinzi. Nchini Kenya muda wa kukaa huko ulitegemea amri ya Rais, na baada ya Katiba ya mwaka 2010 baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu waliona kuwa kifungo kisicho na kikomo kinakiuka haki za mgonjwa.

Wakati huo huo tiba ilibadilika. Dawa zilizogunduliwa katika miaka ya 1950 ziliwawezesha wagonjwa wengi kurejea kwao, na Tanzania ilianzisha vijiji ambamo wagonjwa waliishi na kulima. Lugha ya sheria ilifuata kwa kuchelewa: Kenya ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 1989 na kuirekebisha mwaka 2022, na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2008. Neno afya likaingia katika majina ya sheria, lakini si katika kanuni za adhabu.

Hitimisho

Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Tangu hapo swali la mkalimani limekuwa swali la mtunga sheria. Akichagua wazimu au kichaa, atawaongoza wasikilizaji kumfikiria mtu anayepiga kelele njiani, na yule aliyezama kimya katika sonona hataonekana kuwa mgonjwa. Akichagua ugonjwa wa akili, atakuwa amesema kuwa kila anayetumia dawa za kliniki hana uwezo wa kuwajibika, jambo ambalo sheria haisemi na wagonjwa wenyewe hawalikubali. Yamkini njia iliyo salama ni kuacha kutafuta nomino moja na kueleza hali: mtu ambaye, wakati wa kutenda, maradhi ya akili yalimwondolea utambuzi wa kitendo chake.

Maelezo hayo ni marefu kuliko neno kichaa. Lakini yanamwachia mshtakiwa nafasi ya kuwa mtu aliyefikwa na jambo, anayeweza kutibiwa na kurudi. Kiswahili kilikuwa na nafasi hiyo kabla ya kujengwa kwa kuta za Mathari na Mirembe. Ni juu ya wanaisimu, matabibu na wanasheria kuirejesha.