Nyambura wa Gatunganga, malkia wa marathoni

Jumapili ya Agosti 17, 2008, jijini Beijing, wanawake wawili walikimbia mbio mbili zisizofanana hata kidogo. Jioni Shelly-Ann Fraser wa Jamaika, binti wa miaka 21, alitwaa dhahabu ya mita 100 na kuwa gumzo la dunia nzima. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, mama wa miaka 36 kutoka Nyeri alikuwa ameingia uwanjani baada ya kilomita 42, Mchina Zhou Chunxiu akimpumulia kisogoni. Mama huyo hakukubali kupitwa. Alimshinda Zhou kwa sekunde moja, akachukua fedha ya Olimpiki kwa mara ya pili. Jina lake ni Catherine Nyambura Ndereba.

Wakenya tumezoea kusema kwamba riadha ni mali ya Bonde la Ufa, na orodha ya mabingwa inaipa kauli hiyo nguvu. Ndiyo maana historia ya Ndereba inafaa kusimuliwa upya huku kwetu, kwani mwanamke aliyeitawala marathoni mwanzoni mwa karne hii alizaliwa mwaka 1972 na kulelewa Gatunganga, chini ya Mlima Kenya. Alianza kukimbia akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Ngorano. Mwaka 1994 Idara ya Magereza ikamchukua, na kama ilivyokuwa kwa wanariadha wengi wa Kenya, sare ya serikali ndiyo iliyompa mshahara na nafasi ya kufanya mazoezi bila kuhangaikia riziki.

Miaka michache baadaye alikuwa tayari anatajwa katika mbio za barabarani za Marekani. Kisha mwaka 1997 akajifungua binti. Siku hizo wengi waliamini kwamba mwanariadha akishazaa, basi kazi yake imekwisha. Ndereba alirudi barabarani mwaka uliofuata, na sifa zake zote kubwa zilikuja baada ya uzazi huo.

Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Boston, mwaka 1999. Alimaliza wa sita. Mwaka 2000 akarejea na kushinda, kisha akashinda tena 2001, 2004 na 2005. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushinda Boston mara nne kabla yake.

Lakini siku iliyomweka kwenye vitabu ni Oktoba 7, 2001, jijini Chicago. Wiki moja kamili kabla ya hapo, Naoko Takahashi wa Japani alikuwa amevunja rekodi ya Tegla Loroupe kule Berlin na kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 20. Saa 2, dakika 19 na sekunde 46. Wajapani walikuwa bado wanasherehekea pale Ndereba alipomaliza Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Sekunde 59 zilikatwa kwa mpigo, na rekodi ya dunia ikarudi Kenya baada ya siku saba tu nje. Ilidumu mwaka mmoja, hadi Paula Radcliffe wa Uingereza alipoivunja katika barabara hizo hizo za Chicago.

Mimi hata hivyo humpima kwa mbio za ubingwa, ambako mkimbiaji hutafuta nafasi kuliko muda, na Athens 2004 ndipo tulipomwona alivyo. Walianza jioni katika mji wa Marathon wenyewe, joto kali, barabara ikipanda kwa kilomita nyingi. Mizuki Noguchi wa Japani alichomoka mapema. Radcliffe akamfuata, mwisho akasimama kando ya barabara akilia. Ndereba hakushtuka. Alibaki nyuma, akahifadhi nguvu, kisha akaanza kuwaokota mmoja mmoja. Alipofika kwenye uwanja wa kale wa marumaru, Noguchi alikuwa amemtangulia kwa sekunde 12 tu. Wapo wanaosema alichelewa kuanza kufukuza. Kwa maoni yangu, subira hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye medali siku ambayo wenye haraka walizimika.

Kabla ya hapo, mwaka 2003, alikuwa bingwa wa dunia jijini Paris. Mwaka 2005 Helsinki alishika nafasi ya pili nyuma ya Radcliffe. Mwaka 2007 Osaka, katika joto jingine la kutisha, alichukua dhahabu tena na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda marathoni ya ubingwa wa dunia mara mbili. Kisha ikaja Beijing, ambako kundi zima lilimwachia Constantina Diță wa Romania akaenda zake, na wakazinduka akiwa hakamatiki.

Tangu siku zake Kenya imepata wanawake wenye kasi kubwa zaidi, na rekodi yake ya Chicago imepitwa kwa dakika kadhaa. Ila tazama tena hesabu ya ubingwa: kati ya mwaka 2003 na 2008 alisimama kwenye mstari wa marathoni ya Olimpiki au ya dunia mara tano, na hakuna hata mara moja aliyomaliza chini ya nafasi ya pili.

Walimu wa michezo wa Mathira, Tetu na Othaya, wasimulieni wasichana wenu habari hizi kabla hawajaambiwa kwamba mbio ni za watu wa Iten.