Tezi dundumio: Kiungo kinachotumia kemikali kali kutengeneza homoni

TEZI dundumio, ambayo watu wengi huitambua pale tu inapovimba na kuwa rovu, ni kiungo kidogo chenye umbo la kipepeo kilichopo mbele ya shingo, chini ya zoloto. Kwa mtu mzima mwenye afya, uzito wake ni takriban gramu 15 hadi 25. Pamoja na udogo huo, homoni zake huongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, kasi ya kutumia chakula na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni mwa mama.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba tezi hiyo hutengeneza kwa makusudi haidrojeni peroksidi, kemikali ileile ambayo ikichanganywa na maji hutumika kusafishia vidonda. Bila kemikali hiyo hakuna homoni. Hata hivyo, isipodhibitiwa, huigeukia tezi yenyewe na kuiharibu.

Homoni inavyotengenezwa

Iodini, ambayo nchini Tanzania hujulikana kama madini joto, huifikia tezi kwa njia ya damu ikiwa katika hali ya iodaidi. Katika hali hiyo haiwezi kushikamana na protini. Ni lazima kwanza inyang'anywe elektroni, kitendo ambacho wanakemia hukiita uoksidishaji.

Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho thairodi peroksidesi (TPO), ambacho ndani yake mna madini ya chuma. Haidrojeni peroksidi inayohitajika hutolewa na kimeng'enya kingine, DUOX2. Iodini iliyooksidishwa hunasa kwenye protini kubwa ya tezi, na hapo ndipo hupatikana thairoksini (T4), yenye atomu nne za iodini, na T3, yenye atomu tatu. Thairoksini ilitenganishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1914 na Edward Kendall, katika Mayo Clinic nchini Marekani.

Hatua moja ikikwama, homoni hupungua. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro ya kurithi katika TPO au DUOX2, na wasipotibiwa mapema akili zao huweza kudumaa. Upungufu wa chuma nao hudhoofisha kazi ya TPO. Kwa upande mwingine, dawa kama kabimazoli, wanazopewa wagonjwa ambao tezi zao hutoa homoni kupita kiasi, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho.

Ulinzi wa seleniamu

Haidrojeni peroksidi inayobaki huweza kushambulia mafuta, protini na vinasaba vya seli. Ili kujikinga, tezi hutumia vimeng'enya vyenye madini ya seleniamu, ambavyo huigeuza kemikali hiyo kuwa maji. Ndiyo sababu gramu moja ya tezi dundumio ina seleniamu nyingi kuliko gramu moja ya kiungo kingine chochote. Aidha, vimeng'enya vinavyoibadili T4 kuwa T3, homoni yenye nguvu zaidi, navyo hutegemea madini hayo.

Fundisho kutoka Kongo

Umuhimu wa uwiano huo ulidhihirika katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti kutoka Ubelgiji walibaini kuwa wakazi wa kaskazini walikuwa na rovu kwa wingi kuliko wa kusini-magharibi, ingawa pande zote zilikosa iodini. Mwaka 1971 walieleza kuwa tofauti hiyo ilitokana na muhogo. Sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuka mwilini kuwa thayosayaneti, ambayo huizuia iodini kuingia katika tezi.

Kaskazini mwa nchi hiyo walikuwapo watoto waliodumaa mwili na akili bila hata kuwa na rovu, kwani tezi zao zilikuwa zimenyauka. Maeneo yao yalikosa iodini na seleniamu kwa pamoja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba upungufu wa iodini huilazimisha tezi kufanya kazi kwa nguvu na kuzalisha peroksidi nyingi. Seleniamu ikikosekana, seli hufa na nafasi yake kuchukuliwa na kovu.

Ingeonekana basi kuwa tiba ni kuwapa seleniamu. Lakini watafiti walipofanya hivyo, kiwango cha homoni katika damu ya waliokosa iodini kilishuka zaidi, kwa kuwa vimeng'enya vilivyopata nguvu mpya viliitumia haraka akiba ndogo ya T4. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaliacha onyo: asipewe seleniamu peke yake mtu ambaye upungufu wake wa iodini haujarekebishwa.

Kinga inapogeuka adui

Palipo na iodini ya kutosha, chanzo kikuu cha tezi kulegea ni ugonjwa uliofafanuliwa mwaka 1912 na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili huishambulia tezi, na wengi wa wagonjwa huwa na kingamwili dhidi ya TPO. Vidonge vya seleniamu vimepunguza kingamwili hizo katika baadhi ya majaribio, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya thairoksini.

Iodini iliyozidi nayo ina madhara. Katikati ya miaka ya 1990, huko Kivu na Zimbabwe, waliripotiwa wagonjwa ambao tezi zao zilitoa homoni kupita kiasi baada ya chumvi yenye iodini kuanza kutumika kwa wingi.

Hatua za kuchukua

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mikrogramu 150 za iodini kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito. Kwa familia nyingi, njia rahisi ni chumvi yenye madini joto. Katika nchi za joto na unyevu huwekwa iodeti ya potasiamu, kwani iodaidi huoksidishwa na hewa na kuyeyuka upesi. Hata hivyo, chumvi hiyo inapaswa kufunikwa na kuwekwa mahali pakavu. Muhogo mchungu nao ulowekwe na kukaushwa vyema kabla ya kuliwa.

Mtu mwenye uvimbe shingoni, uchovu usioisha, kuhisi baridi kupita kawaida, au anayekonda huku moyo ukimwenda mbio, anapaswa kwenda hospitali kupimwa damu. Kwa mjamzito jambo hilo si la kuahirishwa, kwani katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama yake.