Ada ya maji ya mvua

Ada ya maji ya mvua ni malipo yanayotozwa wenye majengo na viwanja ili kugharamia mitaro na mabomba yanayoondoa mvua mjini. Imeenea sana Marekani. Kipimo chake cha kawaida ni eneo lisilopenyeza maji: mapaa, lami, sakafu za zege.

Mfano mzuri ni Philadelphia. Zamani gharama hiyo ilifuata ukubwa wa mita ya maji safi, hivyo uwanja mpana wa kuegesha magari, usio na bomba hata moja, haukulipa chochote ilhali ulimwaga maji mengi mitaroni. Dhuluma hiyo ilianza kuondolewa mwaka 2010, viwanja visivyo vya makazi vilipoanza kulipia hasa eneo lililosakafiwa. Nyumba za kuishi hulipa kiwango kimoja. Mwenye kiwanja kisicho cha makazi anayechimba bustani za kunyonya mvua au kupanda majani juu ya paa hupunguziwa ada. Punguzo hilo ni muhimu, kwani sehemu kubwa ya jiji hupitisha mvua na majitaka katika bomba moja, na mvua kubwa husukuma uchafu hadi mito ya Delaware na Schuylkill.